Mzigo wa mboga na mlima wa Lushoto: ninunue kirikuu ipi?

Mpendwa mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nafanya biashara ya mboga huku Usambara. Nanunua nyanya, kabichi, karoti na hoho kwa wakulima wa mabondeni juu ya Lushoto, nazishusha Mombo, na siku nyingine nazifikisha mwenyewe Korogwe. Kwa sasa nakodi. Mzigo ukiwa mdogo nachukua guta hadi Lushoto mjini, ukiwa mkubwa nachangia Fuso na wenzangu. Kwenye Fuso ndiko ninakoumia. Haliondoki mpaka lijae, nyanya zinashinda juani, na nikifika sokoni wenye mzigo wa mapema wameshauza.

Nimefikisha shilingi milioni 14. Nusu ni akiba yangu, nusu ni mkopo wa VICOBA ambao naanza kurejesha mwezi wa tatu baada ya kuuchukua. Nataka niagize kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kutoka Japani. Tatizo ni kwamba kila mtu nyumbani ana kirikuu yake kichwani.

Shemeji yangu anaendesha Suzuki Carry ya tajiri mmoja Tanga mjini, na nikinunua gari yeye ndiye atakayekuja kuliendesha. Anasema nisihangaike: nichukue Carry DA63T, manyuali, isiyo na 4WD, maana kila fundi anaijua na spea zake zimejaa. Mume wangu anataka Suzuki Every, ile ya bodi ya kufungwa yenye viti vya nyuma. Anasema siku za gulio tutapakia abiria, Jumapili tutakwenda nayo kanisani, na mboga hazitanyeshewa. Mimi naona abiria na kabichi havikai pamoja, lakini sitaki ionekane nimeweka hela peke yangu ndiyo maana sisikilizi.

Sasa ameingia wakala wa Dar es Salaam. Ametuma picha za Subaru Sambar ya 2010, 4WD, ina supachaja, imetembea kilomita 61,000. Anasema hizo Suzuki zina silinda 3 na hii ina 4, kwa hiyo itapanda mlima bila kuchoka, tena bei iko chini ya Carry ya mwaka huohuo. Ana pia Daihatsu Hijet ya dampo, anasema mboga zikipungua nitabeba mchanga na kokoto.

Ninachokiogopa hasa ni mlima. Kirikuu nyingi naziona zimeegeshwa kwenye kona za juu ya Mombo, kiti cha dereva kimeinuliwa, mvuke unatoka, dereva ana kidumu cha maji mkononi. Sitaki mkopo wa akina mama wenzangu uchemke pale barabarani. Tena kutoka mashambani hadi barabara kubwa ni njia nyembamba ya udongo mwekundu, masika inateleza kama sabuni.

Mzigo wangu wa kawaida ni matenga 12 ya nyanya na magunia 4 ya kabichi. Tenga moja nimewahi kulipima, linakaribia kilo 40. Shemeji anasema kirikuu inabeba hata tani nzima, unaongeza tu majani ya springi.

Wakala anataka malipo ya awali kabla ya Ijumaa. Naomba unisaidie kufikiri, na jina langu usilitoe.

Mchuuzi wa Mboga, Lushoto

*

Marahaba, dada yangu, na hongera kwa kuifikisha hiyo milioni 14. Umeandika barua ya mtu anayeijua biashara yake, ndiyo maana nami nitakujibu kwa hesabu.

Nikikuelewa vizuri, yako mambo mawili. Moja ni la gari: Carry ya shemeji, Every ya mume, Sambar au dampo la wakala. La pili ni la nyumbani: fedha umeitafuta wewe, na kila anayekushauri ana faida yake ndani ya gari analolitaja. Shemeji anataka gari alilolizoea, baba watoto anataka gari la familia, wakala anataka kuuza alichonacho. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Ila hakuna hata mmoja aliyeanza na matenga yako 12, na mimi nitaanzia hapo.

Kirikuu zote ulizozitaja, ziwe Suzuki, Daihatsu au Subaru, zimejengwa kwa sheria moja ya Japani ya magari madogo. Urefu usizidi mita 3.40, upana mita 1.48, injini isizidi sisi (cc) 660, na mzigo usizidi kilo 350. Hizo kilo 350 ni kwa zote, ya silinda 3 na ya silinda 4, ya bei ya chini na ya bei ya juu. Wako una matenga 12 ya kilo 40, hizo ni 480. Ongeza magunia 4 ya kabichi. Hata tuseme ni ya kilo 90 tu na hakuna lumbesa, jambo ambalo sote tunajua si kawaida, hizo ni 360. Jumla kilo 840, mara mbili na zaidi ya alichokikusudia aliyeliunda.

Najua utasema, mbona za Tanga zinabeba? Zinabeba, ndiyo. Lakini tazama tairi. Saizi ya kawaida ya kirikuu ni 145R12, au imeandikwa 145/80R12 80/78N. Hiyo 80 maana yake tairi moja inavumilia kilo 450. Mbili za nyuma ni 900, na gari likiwa tupu tayari limeziegemezea karibu kilo 300. Zinabaki kama 600, na mzigo wa bodi karibu wote unaangukia nyuma. Kwa hiyo matenga yako na magunia yako yameshapita uwezo wa tairi zenyewe hata kabla hatujagusa springi. Ukiongeza majani ya springi, bodi itaacha kulala na gari litaonekana limesimama vizuri, ila ekseli, beringi, tairi na breki zimebaki zilezile. Kinachofuata ni beringi za nyuma kuunguruma, ekseli kupinda, na chasisi kupasuka nyuma ya kabini. Barabara ya tambarare ya Tanga mjini inaweza kumsamehe mtu kwa miaka. Mteremko hausamehi hivyo.

Na hapa naomba nikuulize kwa upole. Hofu yako ni kupanda, lakini mzigo wako unakwenda wapi? Kutoka Lushoto kwenda Mombo, kilomita thelathini na ushee, unashuka karibu mita 1,000. Unashuka umejaa na kupanda ukiwa na matenga matupu, labda na mfuko wa mbolea na mahitaji ya nyumbani. Zile kirikuu unazoziona zimechemka zilikuwa zinapanda na saruji, soda au mafuta ya dukani. Kwa mboga zako, kinachotakiwa kukunyima usingizi ni breki.

Breki za magari haya ni diski ndogo mbele na ngoma nyuma, zimepimwa kwa gari la kilo 750 hivi pamoja na zile 350. Ukishuka na 840 huku dereva amekanyaga breki kona hadi kona, ngoma zinapata moto, kisha mafuta ya breki nayo yanapata moto. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka yamenyonya unyevu, na unyevu huo ukichemka unatoa mapovu. Pedali inakuwa laini, inazama mpaka sakafuni. Ndiyo maana gari lolote utakalonunua, kazi ya kwanza likitoka bandarini ni kumwaga mafuta yote ya breki na kuweka mapya, na kurudia kila baada ya miaka miwili. Dereva ashuke kwa gia ya pili, injini ndiyo imshike, breki aikanyage kwa vipindi vifupi na kuiachia. Akisikia harufu ya kuungua asimame, asubiri nusu saa. Asimwagie ngoma maji zikiwa za moto, zinapasuka.

Kwa sababu hiyohiyo ukiletewa kirikuu ya otomatiki, fikiri mara mbili. Otomatiki ya DA63T ina gia 3 tu, kwenye mteremko haikupi pa kushikilia. Na Carry mpya zaidi, DA16T iliyoanza 2013, zipo zenye gia zinazojibadilisha kwa mtambo wa umeme na mafuta, zinaandikwa 5AGS. Si mbaya barabarani, lakini zikigoma zinataka kompyuta, na kompyuta hiyo waulize mafundi wako wa Lushoto kama wanayo.

Turudi kwenye kuchemsha, maana siku moja utapanda na mzigo, hasa ile njia ya kutoka bondeni. Kirikuu haichemshi kwa sababu injini ni ndogo. Inachemsha kwa sababu maji yake yamechezewa. Fundi ametoa thamostati akidhani anaisaidia, dereva ameweka maji ya kisimani badala ya kulanti, radieta imejaa kutu, kifuniko chake hakikazi tena. Kwa kimo cha Lushoto, kama mita 1,400, maji matupu yasiyo na mgandamizo yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu, chini ya kifuniko kizima cha radieta, inavuka nyuzi 120. Kifuniko hicho ni kitu cha bei ndogo kuliko tenga moja la nyanya. Mabomba ya maji yanayopita chini ya gari kutoka radieta hadi kwenye injini nayo yanaoza kwa kutu, yanavuja kidogokidogo bila mtu kuona, na siku yakiisha maji, silinda hedi ya aluminiamu inapinda na gasketi inaungua. Shemeji aangalie maji kila asubuhi injini ikiwa baridi. Akikuta yamepungua siku mbili mfululizo, yanavuja mahali.

Namna ya kupanda nayo ina siri yake. Injini ya DA63T, iitwayo K6A, torki yake ya juu, yaani nguvu ya kuvuta, iko karibu na mizunguko 4,000 kwa dakika. Dereva anayepanda kwa gia ya tatu huku injini inagugumia ndiye anayechemsha. Ashushe hadi ya pili, aiache ilie. Kelele si ugonjwa, pampu ya maji inazunguka zaidi injini ikizunguka.

Sasa tuyatazame magari yenyewe.

Carry ya shemeji. Hoja yake ya fundi na spea ni nzito, usiidharau kwa sababu tu ameisema anayetaka kuendesha. DA63T ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2013, inatumia cheni badala ya mkanda wa taiming, na springi za nyuma ni za majani. Injini iko chini ya viti: unainua kiti ndipo unaifikia. Mazda Scrum yenye namba DG63T ni gari hilohilo lenye nembo nyingine, na wakati mwingine bei yake iko chini kwa ajili ya jina tu. Kuna maumbo mawili ya DA63T, na wengi hawayatofautishi. La kwanza tairi za mbele ziko mbele ya mlango, urefu kati ya ekseli ni milimita 2,350. Limetulia barabarani na miguu ya dereva ina nafasi, lakini kugeuza kunataka zaidi ya mita 4. La pili, lililoongezwa 2005, tairi ziko chini ya kiti, milimita 1,905. Linageuka ndani ya mita 3.6, na kwenye njia nyembamba ya shambani hiyo ni faida kubwa. Ila linarukaruka zaidi likiwa tupu.

Swali ni 4WD. Shemeji wa Tanga haihitaji. Wewe una udongo mwekundu. Gari la kusukumwa na tairi za nyuma likiwa na mzigo linashika vizuri kuliko watu wanavyodhani. Linateleza zaidi likiwa tupu, maana nyuma inakuwa nyepesi. Faida kubwa ya 4WD kwako ni ile gia ya chini ya nyongeza ambayo Carry nyingi za manyuali zinakuwa nayo, kwa sababu inakutoa bondeni taratibu bila kuunguza klachi. Gharama yake ni difu ya pili, sivi joint za mbele na mafuta zaidi. Na ipo hatari moja ambayo madereva wa mjini hawaijui: 4WD hii ni ya kuwasha na kuzima, haina difu ya katikati. Ukiiacha imewashwa kwenye lami kavu na kona za Soni, tairi za mbele na za nyuma zinavutana na kitu kinakatika. Iwashwe kwenye tope, izimwe lami inapoanza. Jambo jingine dogo la manufaa: kwenye Carry, namba DA63T ni hiyohiyo kwa 4WD na isiyo 4WD, kwa hiyo namba ya chasisi haikwambii kitu, lazima uone kitufe au rungu lake kwenye picha. Kwenye Hijet namba inasema: S200P haina, S210P inayo. Sambar vilevile, TT1 na TT2.

Sambar ya wakala. Ni gari zuri kuliko sifa zake huku kwetu. Kweli ina silinda 4, injini iko nyuma kabisa chini ya bodi, kwa hiyo hata likiwa tupu tairi za nyuma zinashika, na ile ya 4WD ya manyuali ina gia ya chini sana inayoandikwa EL. Lakini silinda 4 ndani ya sisi zilezile 660 hazileti nguvu ya ziada, zinaleta utulivu. Nguvu inaletwa na supachaja, ile pampu inayoisukumia injini hewa, na supachaja ikichoka utaipata wapi Lushoto? Radieta iko mbele na injini nyuma, hivyo mabomba ya maji ni marefu, na fundi asiyejua kuyatoa hewa ataliacha linachemsha huku maji yamejaa. Injini yake inatumia mkanda wa taiming. Kwa gari lililotembea kilomita 61,000 tangu 2010 mkanda huo umezeeka kwa miaka hata kama kilomita ni chache. Na springi zake za nyuma si za majani, ni za koili, kila tairi peke yake. Ule mpango wa shemeji wa kuongeza majani haupo hapo, ukizidisha mzigo tairi zinalala upande. Subaru yenyewe iliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2012. Sambar za baadaye ni Daihatsu Hijet zenye nembo ya Subaru. Bei ya chini aliyokutajia wakala inaelezeka hapo: wanunuzi wachache, spea chache. Kama kuna fundi jirani anayezijua na anazo mbili tatu mkononi, picha inabadilika. Kama hayupo, wewe ndiwe utakayemfundisha fundi, kwa gari lako.

Every ya baba watoto. Nimsemee kidogo, maana naona kwenye barua yako ameshindwa kabla ya kusikilizwa. Anachokisema kuhusu mvua ni kweli, na jua pia. Nyanya zilizo kivulini zinafika na bei nzuri. Lakini mboga mbichi zikifungiwa zinatoa joto na unyevu, bila hewa kabichi inaanza kunuka safarini, na maji ya nyanya yanapenya chini ya zulia yanakula sakafu. Every ya mizigo inapewa kilo 350 ikiwa na watu 2, na 250 ikiwa na watu 4. Ukipakia abiria umeuza nafasi ya matenga. Na abiria wa kulipa ni biashara nyingine: namba nyeupe, leseni ya LATRA, bima ya abiria. Bima ya gari binafsi haitamlipa mtu aliyeumia ndani ya gari lililokuwa linatoza nauli. Je, baba watoto akiambiwa gari ni la mzigo siku sita na turubai zuri linafunga bodi kabisa, bado atataka Every? Au anachoomba ni kuwa na sehemu yake katika hilo gari? Hilo mimi sitaweza kulijua kutoka huku. Linataka mkae wawili, shemeji asiwepo.

Dampo sitalikalia sana. Ndoo ya lita 20 ya mchanga ina kilo 32 hivi. Kilo 350 ni ndoo 11. Piga hesabu mwenyewe mteja wa mchanga anakulipa nini kwa ndoo 11, kisha kumbuka kwamba mtambo wa kuinua bodi una uzito unaoubeba kila siku, hata siku za nyanya.

Kuna njia mbili ambazo hakuna aliyekutajia. Ya kwanza ni kubaki na kirikuu ya kawaida lakini ukagawa mzigo mara tatu: matenga 8 asubuhi mapema, kisha matenga 4 yaliyobaki na magunia 2 ya kabichi, na magunia 2 ya mwisho mchana, kwa kuwa kabichi haiharaki. Dereva na mafuta vinaongezeka, lakini nyanya zinafika soko likiwa bado na njaa, na hilo ndilo ulilokuwa unalilia kwenye Fuso. Ya pili ni kupanda ngazi moja: Toyota TownAce au LiteAce ya bodi wazi, inayobeba kilo 800, au Mazda Bongo ya bodi, nayo kwenye uzito huohuo au zaidi. Hizo ndizo zinazokaribia mzigo wako wa sasa bila kudanganya springi, ingawa kwenye ya kilo 800 itabidi upunguze tenga moja. Lakini injini ni ya sisi 1,500 hadi 1,800, inakula mafuta zaidi, bei na ushuru viko juu, huenda milioni 14 zisitoshe kwa iliyo nzima, na kwa upana wa karibu mita 1.7 huenda isifike mabondeni. Guta lingebaki kwenye kazi ya kutoa mzigo shambani. Pima njia yako kwa kamba kabla hujaikataa au kuikubali.

Lolote utakaloliegemea, milioni 14 usizione zote kama bei ya gari. Ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA, weka aina, mwaka na ukubwa wa injini, uone kodi yenyewe. Gari kuukuu linaongezewa ushuru wa uchakavu, na wakati mwingine la miaka michache nyuma linakuja kwa jumla ileile. Kisha weka gharama za bandari, wakala wa forodha, usajili, bima, mabomba ya bodi na turubai. Tenga pia fedha ya matengenezo ya kwanza: tairi 4 za mzigo zenye alama ya 6PR, si za gari dogo la abiria zinazoingia kwenye rimu hiyohiyo, oili lita 3 hivi na filta, plagi, kulanti, mafuta ya breki, oili ya gia boksi na difu. Marejesho ya VICOBA yanaanza mwezi wa tatu, na gari kutoka Japani linaweza kuwa bado liko njiani au bandarini mwezi huo. Je, kikundi kinaweza kukusogezea tarehe? Waulize kabla ya kutuma hela, si baada.

Na kwa wakala, mwombe karatasi ya mnada ya Japani, ile halisi, siyo maelezo aliyoyaandika yeye. Juu kuna gredi: 4 na 3.5 ni za kawaida kwa gari la kazi, R au RA limewahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni palipopigwa rangi au kunyooshwa. Zinazokuhusu wewe ni S, yaani kutu, na C, yaani kutu iliyokula bati. Magari ya mikoa ya theluji kama Hokkaido yanatembea kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, na chumvi inakula chini kabla ya juu. Omba picha za chini ya bodi, nyuma ya tairi za mbele, pembe za sakafu ya kabini zulia likiwa limeinuliwa, na maungio ya kabini na chasisi. Alama yoyote mbele ya namba ya kilomita, aeleze ni ya nini. Bati la kabini linachomelewa. Chasisi iliyooza haina dawa.

Kuhusu shemeji kuwa dereva, mkubaliane mapema kwa maandishi uzito wa juu ni kiasi gani, na nani analipa akizidisha. Anaweza kukuona mkali. Lakini yeye ndiye atakayekuwa nyuma ya usukani pale kwenye kona.

Kuhusu Ijumaa: minada ya Japani inafanyika kila wiki, na kirikuu ni miongoni mwa magari yanayopita humo kwa wingi. Sambar hii ikienda, zitakuja nyingine, na Carry na Hijet zaidi ya hapo. Mwambie wakala unasubiri karatasi ya mnada na picha za chini. Akizileta kabla ya Ijumaa, utakuwa na kitu cha kukaa nacho mezani na baba watoto. Akikataa kuzileta, hilo nalo ni jibu la swali ambalo hukuwa umemuuliza.

Wako,
Mshauri